Ngumi ilikuwa ndogo, kijana kaanguka mzima mzima. Kichwani kunatokea nini?

UziNaSindano, Jang'ombe

Assalaam alaykum. Nnaomba wanaojua mambo ya mwili wa binaadamu wanisaidie, maana nimeuliza barzani nikaambulia kuchekwa.

Nna mtoto wa marehemu dada yangu, nnaye mwenyewe tokea hajaanza skuli. Sasa ni kijana mkubwa, anauza vipuri vya vespa na pikipiki, na tokea ngumi ziliporuhusiwa tena hapa kwetu mwaka 2022 hana habari nyengine. Mimi nimekua nikijua ngumi ni mambo ya bara, kwa sababu zilipigwa marufuku Zanzibar baada ya Mapinduzi ya 1964 na aliyezitaka ilibidi avuke bahari. Sasa zimenifuata mpaka chumbani, glavu zinaanikwa pamoja na kanga zangu.

Juzi alikuwa na pambano la ridhaa, nikasema leo nakwenda nikajionee mwenyewe. Nilikaa na mtandio mdomoni usiku mzima. Nimeona mambo matatu na sikuelewa hata moja.

Kwanza, kijana mmoja kapigwa ubavuni upande wa kulia, chini kidogo ya mbavu. Hakuanguka palepale. Alirudi nyuma hatua mbili, watu wakadhani yamepita, halafu ndiyo akapiga magoti. Macho yamemtoka, anamtazama refa anavyohesabu, kila kitu anasikia, lakini hainuki. Watu wakamzomea kuwa mwoga.

Pili, mwengine kapigwa kidevuni ngumi ya pembeni ambayo kwa macho yangu ilimgusa tu. Alikwenda chini na mikono ikabaki imekakamaa juu, amelala chali, vidole vimeganda. Wallahi nilijua kafa. Haukupita muda akaamka, akawa anauliza kwa nini wamesimamisha.

Tatu ni huyu wangu. Raundi ya pili alikula moja, miguu ikalegea, akahesabiwa, akaendelea, na raundi ya tatu akapigana vizuri kweli, akashinda kwa pointi. Tumerudi nyumbani anakula urojo wake, ananiuliza: "Khalati, raundi ya pili nilicheza vipi?" Nikadhani ananitania. Hakumbuki. Hakumbuki ya pili wala ya tatu. Kuhusu hiyo ngumi anasema tu, "Sikuiona." Kwani alifumba macho? Mimi nilimwona kayatoa.

Leo ni siku ya pili kichwa kinamuuma, mwangaza hautaki, na kocha anamtaka mazoezini Jumatatu. Mwenyewe anasema yuko sawa.

MtotoWaMichenzani

Muozeshe bibie. Akishaanza kununua mchele wa mahari na wa nyumba, ngumi ataziacha mwenyewe.

MaalimMstaafu, Wete

Wa alaykumus salaam dada yangu. Huyo wa Michenzani mwache, ana njaa ya pilau ya harusi.

Mimi nimesomesha baiolojia skuli za Pemba mpaka nikastaafu. Ujanani nilipigana Tanga, wakati ambao hapa Visiwani ilikuwa marufuku, na marehemu mama aliambiwa nimekwenda kutafuta kazi bandarini. Kwa hiyo haya nayajua kwa kitabu na kwa taya. Nitaandika kirefu, asiye na subira akalale.

Nianze na hilo neno la kijana, "sikuiona", kwa sababu hajadanganya. Macho yalikuwa wazi, lakini kuona ni kazi ya ubongo, na ubongo unahitaji muda. Mwanga unaotoka kwenye glavu unaingia jichoni, jicho linaugeuza kuwa ishara za umeme, ishara zinapita mshipa wa jicho hadi kisogoni, maana kituo cha kuonea kiko nyuma ya kichwa. Hapo picha inachambuliwa: ni nini, kinakwenda wapi, kwa kasi gani. Kisha habari inaletwa kwenye sehemu za mbele zinazoamua, inapelekwa kwenye ukanda wa juu unaoamuru misuli, inashuka uti wa mgongo na kutoka kwa neva hadi begani, shingoni na miguuni. Njia yenyewe si ya kuchelewesha, neva za misuli husafirisha ishara kwa mita 50 kwa sekunde na zaidi. Muda unaliwa vituoni.

Mtu mwenye afya, ukimwekea taa na kitufe kimoja ukamwambia bonyeza ikiwaka, atatumia takriban milisekunde 200, yaani moja ya tano ya sekunde. Na huyo amekaa kitako na anajua kitakachotokea. Ukimwekea taa nne na vitufe vinne, achague, anachelewa zaidi. Sasa ngumi ya mkono wa mbele ya bondia aliyeiva, tokea bega linapoanza kusogea mpaka puani pako, inaweza kumaliza safari kabla ya huo muda kutimia. Piga hesabu mwenyewe. Anayengoja aione ngumi ndipo aikwepe, atakwepa ikiwa imeshampiga.

Basi tunakwepaje? Tunakwepa habari za ngumi kabla haijazaliwa. Kisigino cha nyuma kinainuka, nyonga inajipinda, bega linashuka kidogo, kifua kinavuta pumzi. Ubongo wa bondia umeshaona mwanzo huo mara nyingi mno hata ukiuona tu unajua mwisho wake, na unaanza kuutoa mwili njiani. Kazi kubwa ya kupima muda na kubashiri mwendo inafanywa na serebelamu, kile kijisehemu cha chini nyuma, juu ya shingo. Kwa ukubwa ni kidogo ukilinganisha na ubongo wote, lakini zaidi ya nusu ya seli za neva za kichwani ziko humo. Ndiyo maana kocha anakuchosha kwa kitu kile kile, padi anazokushikia mkononi uzipige, begi, kupiga hewani mbele ya kioo, tena na tena mpaka unamchukia. Hafundishi mikono. Anaijaza serebelamu mifano.

Na ndiyo maana tulikuwa tukikatazwa kufuata glavu kwa macho. Jicho linaporuka kutoka sehemu moja kwenda nyengine, wakati ule wa kuruka ubongo unaizima picha ili usione dunia ikifutika futika. Ni muda mdogo sana, lakini ngumi nayo haihitaji muda mkubwa. Mzoefu anaweka macho kifuani au kidevuni pa mwenzake, mikono anaiona kwa pembeni, na pembeni mwa jicho panapokea mwendo vizuri hata kama hapaoni sura.

Sasa mashine ya kubashiri ina ugonjwa mmoja: inadanganyika. Hapo ndipo inapoingia chenga. Mtu anakuonesha bega la kulia, ubongo wako unamalizia sentensi, mwili unahama, na ngumi inatoka kushoto pale ulipohamia. Bondia anayepiga kwa kushoto anasumbua kwa sababu hiyo hiyo. Si kwamba ana nguvu zaidi. Ni kwamba umekutana na wachache wa namna yake, mifano uliyonayo kichwani karibu yote ni ya wa kulia, ukiisoma kwake inakupeleka kwenye ngumi.

Kijana wako, dada, alibashiri kitu kikaja kingine. "Sikuiona" maana yake ubongo wake ulikuwa umeshatangaza habari nyengine. Na hatari ya ngumi ya namna hiyo si kasi peke yake. Ngumi unayoijua inakuja, shingo inajikaza kabla haijafika, kidevu kinaingia ndani, kichwa na kiwiliwili vinapokea pamoja. Usiyoijua inakikuta kichwa kimelegea juu ya shingo, na inakizungusha itakavyo.

Hapo tunafika kwa yule aliyeganda mikono. Ubongo wa mtu mzima una uzito wa, tuseme, kati ya kilo 1.3 na 1.4, na umezungukwa na maji ndani ya fuvu. Ni laini, ukiushika unabonyea kama halua ambayo haijapoa. Ngumi ya pajini mwa uso, iliyonyooka, inausukuma nyuma. Ngumi ya pembeni kidevuni inauzungusha, kwa sababu kidevu kiko mbali na shingo na kinafanya kazi ya mpini. Fuvu linageuka ghafla, ubongo unachelewa kulifuata, na zile nyuzi ndefu za neva zinazounganisha sehemu na sehemu zinavutika na kusokoteka. Ndiyo ukaona imemgusa tu. Macho yako yalipima nguvu, kumbe cha kupimwa ni mzunguko.

Uzi wa neva ukivutika, milango yake inafunguka ovyo. Potasiamu inamwagika nje, kalisiamu inaingia ndani, kemikali za kupelekeana habari zinamwagwa kwa wakati mmoja. Seli nyingi zinapiga kelele pamoja halafu zinanyamaza pamoja. Mtikisiko ukilifikia shina la ubongo, palipo na mtandao unaotuweka macho, mtu anazimika. Kule kukakamaa mikono ni dalili kwamba shina hilo limetikiswa. Si kufa, lakini si jambo la kushangiliwa pia, na refa anayejua kazi yake akiiona hahesabu hata, anaita daktari.

Yule wa ubavu msimwite mwoga. Hakuguswa kichwa kabisa. Kulia chini ya mbavu kuna ini, kubwa na zito, na ganda lake limejaa neva za maumivu. Likitikiswa, habari inakwenda kwenye ule mfumo wa neva unaojiendesha wenyewe bila kukuomba ruhusa, unaoshika moyo, mishipa ya damu na pumzi. Mapigo yanaweza kupungua, shinikizo la damu linashuka, pumzi inakatika. Haya yanachukua muda kidogo kujikusanya, ndiyo hizo hatua mbili ulizoziona. Kichwani yuko mzima, anataka kuinuka, anamwamuru mguu na mguu haumsikii. Mimi nimepigwa kidevuni na nimepigwa ini. Cha kidevu huna habari nacho. Cha ini unakaa nacho, unakitazama.

Nimechoka kuandika. La kutokumbuka nitarudi baada ya isha.

GlavuNyekundu, Amani

Shikamoo Maalim. Nimekusoma mpaka mwisho lakini hapo pa mwanzo sikubali. Mimi nafanya mazoezi mwaka wa tatu sasa na ngumi naiona. Naiona inatoka, naiona inakuja, nainama, inapita juu. Kama siioni, ningeinamaje?

Na swali jengine. Nikiingia ulingoni raundi ya kwanza simsikii kocha kabisa, na yuko hapo hapo kona. Watu wanasema ni woga. Mimi siogopi mtu.

MaalimMstaafu, Wete

Marahaba mwanangu. Kwamba huogopi mtu sikubishii, nitakubishia mengine.

Unaiona, ndiyo. Lakini hiyo picha unayoikumbuka, ya ngumi kutoka, kuja na kupita, imepangwa na ubongo baada ya tukio na ukapewa kama habari ya moja kwa moja. Mwili wako ulikuwa umeshaanza kuinama kwa dalili nilizozitaja. Ukitaka kunijaribu, mwambie mwenzako mtakapochezana mazoezini ajifunike kuanzia shingoni hadi magotini kwa shuka, atoe glavu kwenye tundu bila kusogeza kichwa. Uone utaziinamia ngapi. (Ngumi ziwe za kugusa tu, nisije nikaletewa kesi.)

La pili si woga kwa maana ya watu wa barzani. Ukipanda ulingoni, sehemu ya ubongo inayopima hatari inapiga king'ora, tezi zilizo juu ya figo zinamwaga adrenalini, moyo unakwenda mbio, mboni zinatanuka, damu inapelekwa kwenye misuli mikubwa, na tumbo linanyimwa. Ndiyo maana waliokula kabla ya pambano wanatapika. Ubongo unabana mlango wa habari: mbele yako unaona kwa ukali, pembeni panafifia, na sauti zinasukumwa nyuma. Kocha anapiga kelele, masikio yanapokea, lakini ndani hakuna wa kufungua barua. Kocha mwenye akili hakuhutubii. Mnapanga maneno mawili matatu mafupi mazoezini, mnayarudia mpaka mkono unayajibu wenyewe, na siku ya pambano anatumia hayo tu.

Dawa ya upande wako ni pumzi. Toa hewa polepole, ndefu kuliko ulivyoivuta, kwenye kile kipumziko cha dakika moja. Kuna neva ndefu inatoka kwenye shina la ubongo mpaka moyoni na tumboni, na pumzi ya kutoka ndiyo inayoiamsha, moyo unapoa. 

Adrenalini hiyo hiyo na kemikali nyengine ambazo ubongo unajitengenezea ndizo zinazozima maumivu. Nendeni Makunduchi siku ya Mwaka Kogwa mkawatazame wanaume wanavyochapana na migomba. Pale uwanjani kila mtu anacheka. Wanaojua walikopigwa ni wake zao, kesho yake wakiombwa mafuta ya kuchua. Kwa bondia hili lina ubaya wake: mwili haumwambii ukweli mpaka pambano limekwisha, kwa hiyo "niko sawa" ya ulingoni haina thamani.

Na hapo nirudi kwa dada yangu wa Jang'ombe. Kijana alipigana raundi ya tatu vizuri na haikumbuki, na umeona kama miujiza. Kumbukumbu za matukio zinaandikwa na sehemu iliyo ndani upande wa masikio, inaitwa hipokampasi, na ni dhaifu mbele ya mtikisiko. Lakini ustadi wa mikono hauwekwi humo. Mazoea ya mwili yanakaa kwenye viini vya ndani zaidi na kwenye serebelamu. Kilichopigwa kikasimama ni kalamu ya kuandikia. Mikono iliendelea na ilichokijua. Alikuwa anapigana bila mwandishi, na kwa dakika zile ubongo wake ulikuwa umeumia na unapokea ngumi nyengine juu yake. Miguu kulegea nayo ni ishara ya pili, maana usawa wa mwili unahitaji sikio la ndani, macho na serebelamu vikubaliane, na ngumi ile ilivigombanisha. Mimi ningekuwa kona yake ningerusha taulo pambano lisimame, pointi wakachukua wao.

UziNaSindano, Jang'ombe

Maalim, Mungu akuweke. Nimemsomea yote, akawa anatikisa kichwa, nikamwambia acha kukitikisa.

Anasema yeye alivaa ile kofia nene ya kinga, kwa hiyo ubongo haukuumia. Na anasema Muhammad Ali alipigwa miaka yote na akaishi mpaka uzee. Nimjibu nini? Na hicho kichwa kinachouma nimpe vidonge gani, maana jirani kanipa diklofenaki.

ZamuYaUsiku

Habari zenu. Mimi ni muuguzi, Unguja hapa hapa. Dada, hiyo diklofenaki iweke. Usimpe hiyo, wala aspirini, wala ibuprofeni kwa sasa, maana kama kuna damu inavuja ndani ya fuvu hatutaki kitu cha kuizidisha. Parasetamoli inatosha. Na nijibu maswali yangu kabla hujaendelea kusoma habari za Ali:

Anatapika zaidi ya mara moja? Maumivu yanaongezeka badala ya kupungua? Anasinzia ukimwamsha haamki sawasawa? Mboni moja kubwa kuliko ya pili? Maneno yanakokoteka, mkono au mguu mmoja hauna nguvu, amepata degedege, amechanganyikiwa asijue siku? Maji mepesi au damu puani au masikioni? Likiwapo hata moja msingoje asubuhi, mpelekeni hospitali ya Mnazi Mmoja usiku huu. Asiendeshe vespa yeye.

Kama hakuna hata moja, bado aonwe na daktari kesho, kwa sababu kapoteza kumbukumbu na mwangaza unamsumbua. Huo ni mtikisiko wa ubongo, jina halina aibu. Na wakimpiga picha ya CT ikatoka safi, asije akaitembeza kwa kocha kama cheti. CT inatafuta damu na nyufa za mfupa. Nyuzi za neva zilizovutika, alizozieleza Maalim, haizioneshi.

UziNaSindano, Jang'ombe

Hatapiki. Mboni nimetazama kwa tochi ya simu, sawa zote mbili. Siku anaijua, hata deni langu la luku analijua. Kichwa ni kile kile, hakijazidi. Kesho asubuhi nakwenda naye.

MaalimMstaafu, Wete

Vizuri. Sasa hiyo kofia.

Kofia inazuia kuchanika nyusi na kuvimba masikio, na ukianguka chini inasaidia kisogo. Kuzunguka kwa kichwa haiwezi kukuzuia. Inaongeza hata ukubwa wa kichwa na kukuziba pembeni, pale pale unapopahitaji. Shirikisho la kimataifa la ngumi za ridhaa liliwavua wanaume kofia hizo mwaka 2013, na Olimpiki ya Rio ya 2016 wanaume walipigana vichwa wazi. Watu wanabishana mpaka leo kama ilikuwa hekima, lakini hakuna daktari wa maana atakayekwambia kofia ni kinga ya mtikisiko. Glavu nazo, kwa taarifa yako, zililetwa kulinda mikono. Mfupa wa ngumi ni mwembamba, ukipiga fuvu mara nyingi bila glavu unavunjika wewe. Ukishavishwa mto unaweza kupiga kichwa cha mtu raundi zote.

Ali namjua. Alikuja Dar es Salaam mwaka 1980, katumwa na Rais Carter kuomba tususie Olimpiki ya Moscow, na Mwalimu hakumpokea. Sisi vijana tulisahau siasa, tulitaka kumwona anavyotembea. Mwaka 1984 akatangazwa kuwa na ugonjwa wa Parkinson. Madaktari hawajakubaliana kuwa ngumi ndizo zilizouleta, na mimi sitamtumia kama fimbo. Lakini kijana akisema "aliishi mpaka uzee", mwambie akatafute video ya 1996, Ali akiwasha mwenge wa Olimpiki kule Atlanta, amtazame mkono.

Kuna jambo limejulikana muda mrefu kuliko umri wangu. Mwaka 1928 daktari wa Marekani, Harrison Martland, aliandika juu ya mabondia waliokuwa wakitembea na kuongea kama walevi na hali hawajanywa. Baadaye, mwaka 1973, mtaalamu wa Uingereza aitwaye Corsellis na wenzake walichapisha uchunguzi wa bongo za mabondia 15 waliokwisha kufa, wakaeleza uharibifu walioukuta. Siku hizi tunajua kuna protini inayoitwa tau, ambayo kazi yake ya kawaida ni kuzishika nguzo ndani ya uzi wa neva. Ubongo ukipigwa mara kwa mara kwa miaka, inaachia, inajiviringisha na kujikusanya, seli zinakufa polepole. Na hapa nataka wewe GlavuNyekundu usikilize pia: hesabu haiwekwi kwa KO, zile za kuzimishwa, peke yake. Zile ndogo ndogo za mazoezini, ambazo hata refa hakuziona, zinaingia. Sisi Tanga tulikuwa tunapigana kwa nguvu zote kila jioni na tukiona ndiyo uanaume. Waliokuwa wakicheza kwa kugusa tuliwaita mabinti. Leo nikikutana na wale tuliokuwa tukisifiana, baadhi yao nawaeleza jambo moja mara tatu katika kikombe kimoja cha kahawa.

Sisemi kijana aache. Mimi niliupenda mchezo huu na bado naupenda, na ule usiku wa 2018 bondia wetu Mwakinyo alipomsimamisha Mwingereza Eggington kule Birmingham raundi ya pili nilipiga kelele mpaka majirani wakaja kuuliza kuna nini. Ninachosema, mtaji wake ni ule ubashiri, na mtaji huo unakaa mahali panapolengwa.

GlavuNyekundu, Amani

Maalim nimekubali nusu. Ile ya shuka tumeijaribu jana, nimekula tatu za uso. Sasa ndugu yangu wa Jang'ombe arudi lini mazoezini? Sisi kwetu wanasema siku saba.

ZamuYaUsiku

Hakuna namba ya siku ya kumpa kila mtu. Siku moja au mbili za mwanzo apumzike, simu apunguze, kutembea kidogo ruhusa. Nishati ndani ya seli inakuwa haitoshi kwa siku kadhaa, wakati mwengine wiki na zaidi, kwa sababu seli zinahangaika kurudisha ile potasiamu na kalisiamu mahali pake, na damu inayoletwa imepungua. Ngumi ya pili katika kipindi hicho, hata ndogo, inaweza kuuvimbisha ubongo vibaya sana, na vijana ndio wanaofariki kwa hilo.

Kichwa kisipouma tena na kazini anakwenda bila shida, aanze kutembea kwa kasi au baiskeli. Dalili isiporudi, kuruka kamba na kupiga hewani. Halafu begi. Halafu padi. Baina ya hatua na hatua angalau siku nzima, na dalili ikirudi anarudi hatua ya nyuma. Kuchezana na mtu ndiyo mwisho kabisa, na daktari awe ameandika ruhusa. Kocha akisema anamhitaji, kocha aje naye hospitali.

UziNaSindano, Jang'ombe

Tumetoka kuonwa. Daktari kamshikisha pua kwa kidole, kamtembeza mstari mmoja, kamwambia maneno matano ayarudie, mawili kayasahau. Kapewa wiki mbili bila mazoezi halafu arudi. Kanuna. Kocha nimempigia mwenyewe, akaniambia "sawa mama", sasa sijui sawa yake ni ipi, kwa hiyo Jumatatu nitakwenda kukaa pale mlangoni na cherehani yangu ya mkono.

MtotoWaMichenzani

Na hizo wiki mbili ndizo za kumtafutia mchumba.